Kuishi Imani Mbele ya Watoto: Mwongozo kwa Mzazi Mkatoliki

Binti yangu alipokuwa na miaka 4 alikuwa na mchezo wake wa "kanisa". Anawapanga wanasesere sakafuni, anapiga magoti mbele yao, kisha anawasalisha. Siku moja nikiwa napita mlangoni nilimsikia ameanza vizuri, "Kwa jina la Baba, na la Mwana..." Ghafla sauti ikabadilika: "Wee! Kaa vizuri! Huoni tunasali? Nitakutoa nje sasa hivi!" Mwanasesere mmoja alikuwa ameanguka kifudifudi. Sauti ile ilikuwa yangu, neno kwa neno. Nikasimama pale pale nikielewa kwamba mwanangu ameshajifunza kwangu maana ya sala: ni ule wakati ambao mama huwa mkali.

Sikuwa mzazi asiyejali. Watoto walibatizwa wakiwa wachanga, msalaba ulikuwa ukutani, na Misa ya Jumapili hatukuikosa. Ila imani niliyokuwa nikiwafundisha ilikuwa haijaniingia mimi kiasi cha kunigeuza hata sauti. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinamwanza mzazi, mtoto anafuata. Hata Sheria Kanoni, yaani sheria za Kanisa, imelipanga hivyo: kanuni ya 774 inawataka wazazi, kabla ya watu wengine wote, wawalee watoto katika imani kwa neno na kwa mfano wa maisha yao. Katekista na paroko wanatusaidia kazi ambayo ni yetu.

Hatua ya 1: Sali wewe, hata kama hakuna anayekutazama

Karol Wojtyła, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, alifiwa na mama yake mwaka 1929, akiwa hajatimiza miaka 9. Alilelewa na baba aliyewahi kuwa mwanajeshi. Akiwa Papa alisimulia kwamba mara nyingine aliamka usiku akamkuta baba yake amepiga magoti, anasali. Wawili hao hawakuwahi kuzungumzia wito wa upadre. Lakini mfano ule, alisema, ulikuwa kama seminari yake ya kwanza.

Mzee yule hakupiga magoti ili mtoto amwone. Mtoto alikuwa amelala. Yesu alituambia tuingie chumbani, tufunge mlango, tusali kwa siri. Na nyumba yenye watoto haina siri. Wewe sali kwa ajili ya Mungu tu, siku moja mtoto atakukuta.

Kwa hiyo tafuta dakika 10 zako za kila siku. Kwa wengi wetu ni asubuhi kabla nyumba haijaamka, au usiku ikishatulia. Soma Injili ya siku hiyo mara mbili, taratibu. Nyamaza kidogo. Kisha mweleze Mungu yaliyopo, hata kama yaliyopo ni uchovu na hasira. Ukikosa la kusema, sali Baba Yetu moja ukituama kwenye kila ombi. Simu ibaki chumba kingine. Mtoto akiamka na kukukuta, usiruke kama mtu aliyefumaniwa, na usimfukuze. Mpakate, endelea.

Kama kuna jambo kubwa linalokuweka mbali na sakramenti, mathalani ndoa isiyofungwa kanisani au miaka mingi bila kuungama, hapa ndipo pa kulishika. Nenda ukamwone paroko, mweleze ukweli wote, mwulize njia iliyopo. Wakati huo huo usiache Misa wala usiache kuwafundisha watoto kusali. Nimewaona wazazi wanaojitenga na Kanisa kwa aibu, na watoto wanatoka pamoja nao.

Hatua ya 2: Mketi wawili kabla ya kuwaketisha watoto

Ongea na mwenzako mkiwa peke yenu: tunataka kusali lini, nani ataongoza, tutafanyaje mmoja wetu akiwa kazini usiku. Jambo likishapangwa chumbani, mtoto hapati mwanya wa kumkimbilia baba ili amkwepe mama.

Ndoa mseto, ya Mkatoliki na Mkristo wa kanisa lingine, inahitaji uangalifu zaidi. Kabla ya ndoa hiyo, upande wa Mkatoliki huahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki, na mwenzake hujulishwa ahadi hiyo. Maneno "yote awezayo" yana uzito wake: hayamruhusu mtu kulegea, wala hayamruhusu kuvunja ndoa. Mheshimu mwenzako mbele ya watoto. Usimwombee kwa sauti "aongoke" huku amekaa pale pale mezani.

Na wewe unayelea peke yako, familia yako si nusu ya familia. Timotheo alirithi imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Paulo anawataja wote wawili kwa majina, na kuhusu imani ya baba hasemi lolote.

Hatua ya 3: Sala ya familia iwe fupi, isikatike

Kosa letu wengi ni kuanza na Rozari nzima, kwa ari kubwa, Jumatatu. Ikifika Alhamisi watoto wanajificha chooni. Anzeni na dakika 5 ambazo mnaweza kuzitunza kwa mwaka mzima. Ishara ya msalaba, ifanywe polepole. Kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru kwa siku hiyo, hata yule mdogo anayeshukuru kwa ajili ya kiatu. Kila mmoja amtaje mtu mmoja wa kuombewa. Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe, basi. Wakikua, ongezeni fumbo moja la Rozari mara moja kwa wiki, kila mtoto aongoze Salamu Maria zake.

Mtoto wa miaka 3 atazunguka. Mwache azunguke ilimradi asiwazuie wengine. Masikio yake yapo. Na mkiwa mmetoka kugombana, msiahirishe sala mkisubiri amani irudi yenyewe. Salini hivyo hivyo, anayeongoza aseme wazi, "Bwana, leo tumekasirikiana, tusaidie."

Kisha kuna jambo dogo ambalo ningependa kila mzazi alifanye. Kwenye ubatizo, baada ya padre kumtia mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso, wazazi na wasimamizi nao hualikwa kufanya hivyo. Wengi wetu tulifanya mara ile moja tukaishia hapo. Endelea. Kila usiku, mtoto akienda kulala, mchoree msalaba mdogo kwa kidole gumba kwenye paji lake, ukisema, "Mungu akubariki." Hakuhitaji padre wala kitabu. Wangu wakubwa bado wanainamisha kichwa wakipita karibu yangu usiku, na ninaamini kuna siku ambazo hiyo ndiyo sala pekee waliyosali.

Tafuta pia tarehe ya ubatizo wa kila mtoto kwenye cheti chake, iandike kwenye kalenda. Siku ikifika, washeni mshumaa, mwambieni ilikuwaje siku ile, nani alimbeba, nani alikuwepo.

Hatua ya 4: Jumapili ianze Jumamosi

Nguo ziandaliwe Jumamosi jioni na Injili ya kesho isomwe siku hiyo hiyo. Mtoto aliyeisikia habari jana huinua kichwa padre anapoanza kuisoma. Asubuhi ya Jumapili iliyoanza kwa makelele ya "mnanichelewesha!" huwafikisha wote kanisani wakiwa wamenuna, na sijui njia nyingine ya kuizuia isipokuwa kulala na kuamka mapema.

Kaeni mbele. Najua mzazi mwenye mtoto mdogo hupenda nyuma karibu na mlango, lakini kule nyuma mtoto anaona migongo tu. Mbele anaona altare. Mnong'oneze machache: "Sasa padre anainua Mwili wa Yesu, tuangalie." Mwache apige goti mbele ya tabernakulo, kisanduku kinachotunza Ekaristi, ukiwa unapiga lako sawasawa, goti lifike chini kama afya inakuruhusu. Akilia, toka naye, akinyamaza rudi. Kama Misa nzima umeimaliza ukibembea na mtoto kwenye baraza, ulikuja, na Bwana anajua ulikokuwa.

Kwa Komunyo, kumbukeni mfungo wa saa moja kabla, na waelezeni watoto sababu yake ili wasiuone kama adhabu. Maandalizi ya Komunyo ya kwanza hayaishii kwenye darasa la mafundisho. Kanuni ya 914 inaanza kwa kuwataja wazazi, kisha paroko. Ikiwa mtoto ametimiza miaka 7 na anatambua kwamba hiki si mkate wa kawaida, zungumza na parokia. Nyumbani mwulize mara kwa mara, "Ni nani yule tunayempokea?" na msikilize anavyokujibu.

Halafu njia ya kurudi. Hapo watoto hupata mahubiri ya pili, ya kwetu. Tukitoka tukiwasema wanakwaya na kupima mavazi ya majirani, tumefuta mengi waliyoyapata. Mtajie kila mmoja neno moja ulilobaki nalo kutoka kwenye Injili. Moja tu latosha.

Hatua ya 5: Omba msamaha, kisha nenda kaungame

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nyumba yangu ilipogeuka.

Jioni ile ya wanasesere nilimwita binti yangu na kaka yake. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yakanikauka. Nikasema tu, "Mama huwa anawafokea wakati wa sala. Si sawa. Hata Yesu hapendi. Naomba mnisamehe." Kaka mtu, miaka 7, aliniangalia kwa muda akauliza, "Kwa hiyo na wewe unafanya dhambi?" Nikamjibu ndiyo. Akafikiri tena. "Na unamwambia padre?" Nikamwambia nitakwenda Jumamosi. Jumamosi ilipofika yeye ndiye aliyenikumbusha.

Mpaka siku ile alikuwa anadhani maungamo ni jambo la watoto, kitu unachofanyishwa ukifika darasa fulani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2223, inasema wazazi wanaojua kukiri makosa yao mbele ya watoto watawaongoza na kuwarekebisha vizuri zaidi. Nilidhani ningepungukiwa heshima. Kilichopungua ni uwongo niliokuwa nikiufanya mbele yao kwamba mimi nimekamilika.

Namna ya kuomba msamaha ina mambo yake. Taja kosa lenyewe: "Nilikupigia kelele mbele ya wenzako." Usiweke "lakini". "Nisamehe, lakini na wewe ulizidi" ni shtaka jipya lililovikwa nguo ya toba. Kama mtoto naye alikosa, subiri, mrekebishe baadaye, kwa mazungumzo ya peke yake. Usimlazimishe akusamehe hapo hapo. Akikaa kimya, mwache. Na usigeuze kuomba msamaha kuwa mazoea yanayokuruhusu kurudia; mtoto anahesabu.

Kwa upande wa sakramenti yenyewe, nendeni pamoja, tuseme mara moja kwa mwezi, na mzazi apange foleni kama wengine. Kanisa linamdai mtu aungame dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka, lakini mtoto anayesubiri mwaka mzima atakuwa ameshasahau njia. Usiku wa kuamkia siku hiyo fanyeni utafiti wa dhamiri kimya kimya, kila mtu na wake, ukiwasaidia wadogo kwa maswali: nani nilimwumiza? nani nilimdanganya? nini nilikataa kugawa? Kamwe usimwulize mtoto aliungama nini wala alipewa malipizi gani. Padre anafungwa na siri ya maungamo isiyovunjwa kwa sababu yoyote. Mzazi aiheshimu siri hiyo kwa kutochungulia. Wala usimtishe: "Subiri, nitakusemea kwa padre." Ukimfanya padre kuwa fimbo, umemfungia mtoto mlango ambao atauhitaji akiwa na miaka 20 na dhambi nzito.

Hali kadhalika jina la Mungu. "Mungu atakuchapa" ni maneno ya kuachwa kabisa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakolosai, "Ninyi akina baba, msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa." Mtoto anayemwogopa Mungu kama anavyoogopa mkanda hatamkimbilia siku atakapoanguka.

Hatua ya 6: Safisha yale madogo yanayosikika

Simu inaita, unamwambia mtoto, "Pokea, mwambie sipo." Tendo hilo moja linamfundisha mtoto mengi zaidi kuhusu amri ya nane, ile ya kutosema uongo, kuliko mafundisho ya mwaka mzima. Chenji iliyozidi dukani: rudi nayo, uende na mtoto. Mtu anayekusaidia kazi za nyumbani: umwite kwa jina, mshahara wake ufike kwa wakati, chakula chake kiwe kile kile mnachokula. Papa Fransisko alipenda kukumbusha familia maneno matatu, "naomba", "asante" na "nisamehe". Mimi niliyajaribu kwa mume wangu kwanza, kwa sababu kwa watoto yalikuwa rahisi.

Sadaka, mtoto aitoe kutoka kwenye fedha yake, hata kama ni kidogo sana, badala ya kukabidhiwa noti yako mlangoni. Ukienda kumwona mgonjwa, nenda naye. Kwaresima pia ina nafasi yake: sheria ya kujinyima nyama inamfunga aliyetimiza miaka 14, na ya kufunga inawahusu watu wazima kuanzia 18 hadi 59, lakini Kanisa linawataka wazazi wawafundishe hata walio chini ya umri huo maana ya kweli ya toba. Kila mmoja achague jambo moja la kuacha, na kilichookolewa kiende kwa mwenye shida ambaye watoto wanamfahamu.

Hatua ya 7: Jibu maswali kwa uaminifu

"Kwa nini Mungu hakumponya bibi, na tulisali?" Ukiwa hujui, sema hujui. Mwambie na wewe ulilia, na wewe ulimwuliza Mungu swali hilo hilo. Maria na Yosefu walimtafuta Yesu siku 3, akiwa na miaka 12, na walipompata hekaluni Injili inasema hawakuelewa neno alilowaambia. Wazazi hao watakatifu hawakuelewa! Maria aliyaweka yote moyoni, akaendelea kulea.

Maswali ya mafundisho, kama Utatu, uumbaji au kwa nini tunawaomba watakatifu watuombee, yaandike na myatafute pamoja kwenye Katekisimu au kwa katekista. Kutojua si aibu. Mama yake Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, amesimulia mwenyewe kwamba hakuwa mtu wa kwenda kanisani. Maswali ya mwanawe mdogo ndiyo yaliyomsukuma kwenda kusoma teolojia.

Hatua ya 8: Kijana akikataa

Atakuja siku moja, pengine na miaka 15, aseme, "Mimi siendi." Usimjibu wakati huo huo. Baadaye, mkiwa wawili, mwulize kwa dhati nini kimetokea. Wakati mwingine si imani iliyoondoka. Amechekwa na wenzake, au amekwazwa na mtu wa kanisani, au ana dhambi inayomwelemea. Msikilize mpaka mwisho. Kama kuna mtu aliyemdhuru, usimtetee mtu huyo kwa ajili ya cheo chake. Chukua hatua, hata polisi.

Mimi naona kijana aliye bado nyumbani aendelee kufuatana na familia kwenye Misa ya Jumapili, kama anavyokaa mezani pamoja na wengine. Wapo wazazi waaminifu wanaoamua tofauti, na siwahukumu. Lakini sakramenti hailazimishwi. Usimsukume kuungama, usimsukume kukomunika, na kama anaomba Kipaimara kisogezwe mbele kwa sababu hajawa tayari, mheshimu. Wito wake pia si mali yako: Katekisimu, namba 2230, inawakataza wazazi kuwashinikiza watoto katika kuchagua kazi au mwenzi wa ndoa.

Mtakatifu Monika alimlilia mwanawe Agostino kwa takriban miaka 17. Alimfuatafuata sana, hata mwanawe akamdanganya na kumwacha usiku mmoja Kartago, akapanda meli kwenda Roma wakati mama yumo kanisani anasali. Kabla ya hapo Monika alikuwa amemwomba askofu mmoja amkabili mwanawe kwa hoja. Askofu akakataa: mwache kwanza, akamwambia, wewe mwombee tu kwa Bwana. Alipozidi kung'ang'ania ndipo akamwambia kwamba haiwezekani mwana wa machozi hayo apotee. Agostino alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi huko Milano, Pasaka ya mwaka 387, na Monika akafariki mwaka huo huo. Shauri la yule askofu bado linafaa: punguza maneno kwa kijana, ongeza maneno kwa Mungu. Funga siku moja kwa wiki kwa ajili yake bila kumwambia. Usimsimulie kwa mashangazi. Usimlinganishe na ndugu yake anayetumikia altareni.

Na sala ya familia isisimame kwa sababu yeye hayupo. Salini kwa saa ile ile, jina lake litajwe pamoja na ya wengine, bila mkazo. Akirudi usiku mkiwa mmeshamaliza, usimpokee mlangoni kwa swali la sala. Mwulize kama amekula, mpashie chakula, kaa naye anapokula.